Kompyuta ya Mchora Ramani: Namna ya Kuchagua Sehemu Zake

Mtu anayeingia dukani na kuomba "kompyuta yenye nguvu" ameomba kitu kisichopimika. Lori lina nguvu na pikipiki ina nguvu, lakini hakuna apelekaye mchanga kwa pikipiki wala apelekaye barua kwa lori. Nguvu ya kompyuta haina maana mpaka kwanza itajwe kazi itakayofanywa. Na kazi ikishatajwa, mengi kati ya maamuzi yanayowasumbua wanunuzi yaweza kufikiwa kwa kalamu, karatasi na hesabu zisizozidi zile za Kidato cha Tatu. Makala hii inakusudia kuzionyesha hesabu hizo. Tumechagua kazi ya usanifu, yaani uchoraji wa ramani za majengo, utengenezaji wa picha za majengo ambayo hayajajengwa, na upangaji wa mabango na vitabu. Ni kazi inayoikamua karibu kila sehemu ya mashine. Isitoshe, vijana wengi wanaohitimu vyuo vya ufundi huianza kwa mtaji mdogo, ambao ununuzi mmoja usiofaa waweza kuumaliza.

Kazi yenyewe si changa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora mistari na maduara juu ya kioo cha kompyuta kwa kutumia kalamu ya mwanga. Kompyuta aliyoitumia, TX-2, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya maneno 65,536, kila neno likiwa na biti 36. Msomaji akizidisha, kisha akagawa kwa 8, atapata baiti 294,912, yaani chini ya kilobaiti 300. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo haingeenea humo.

Iliwezekanaje basi kuchora kwa kumbukumbu ndogo kiasi hicho? Jibu ni kwamba mstari si picha. Mstari ulionyooka katika bapa hujulikana kamili kwa ncha zake mbili, na kila ncha kwa namba mbili. Hizo ni namba 4. Programu za leo aghalabu huipa kila namba baiti 8, hivyo mstari mmoja wahitaji baiti 32 pamoja na maelezo machache ya rangi na unene. Ramani ya nyumba yenye mistari 50,000 itachukua baiti 1,600,000 tu, kiasi cha megabaiti 1.6. Picha, kinyume chake, ni lazima iandikwe nukta kwa nukta, iwe nukta hizo zina maana au hazina. Tofauti hii kati ya mstari na picha ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata, na mwalimu atafanya vema kuifafanua ubaoni kabla ya kuendelea.

Orodha ya vijana watatu

Hivi karibuni vijana watatu, wawili wao wakiwa ni niliowafundisha, walinijia na orodha ya sehemu walizokusudia kununua ili waunganishe kompyuta ya ofisi yao mpya. Mmoja huchora ramani za nyumba. Wa pili hutengeneza picha za nyumba hizo, ili mwenye kiwanja aone sebule yake kabla ya kununua hata tofali moja. Wa tatu hupanga mabango, kadi za harusi na majalada ya vitabu. Fedha yao ilikuwa ni akiba ya miaka miwili pamoja na mkopo wa vikoba aliouchukua mama wa mmoja wao. Mkopo huo ulikuwa na tarehe ya marejesho ya kwanza, na tarehe haikungojea wateja.

Orodha yao ilianza na prosesa yenye viini 16, ya gharama kubwa kuliko vitu vingine vyote. Ikafuata kipande kimoja cha ramu cha gigabaiti 8, hadidiski kubwa ya kuzunguka, pawasaplai ya bei ya chini kabisa, na monita "yoyote itakayopatikana". Hii ndiyo orodha ninayoiona mara kwa mara: kichwa kikubwa juu ya miguu myembamba. Nitaifuata orodha hiyo kama kielelezo, kwa kuwa kila kipengele chake kina somo la fizikia au la hesabu ndani yake.

Swali la kwanza nililowauliza halikuhusu sehemu yoyote, bali programu watakazozitumia. Kila programu hutangaza inachohitaji, na nyingine hukataa kabisa kutumia aina fulani ya kadi ya grafiki. Wao walikusudia kutumia Blender kwa picha na Inkscape kwa mabango. Programu hizo mbili ni za bure, na zinafanya kazi ya kweli. Sioni sababu ya kijana anayeanza kuiba programu ya gharama wakati hizi zipo.

Prosesa: viini vingi au mapigo mengi?

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, mithili ya ngoma inayoongoza wachezaji. Prosesa ya gigahezi 4 hupiga mara bilioni 4 kwa sekunde. Kwa miaka mingi watengenezaji waliongeza kasi ya mapigo, hata mwaka 2004 prosesa ya Pentium 4 ikafikia gigahezi 3.8. Hapo walikutana na ukuta, na ukuta huo ulikuwa ni joto. Nguvu ya umeme inayotumika katika swichi za prosesa hufuata takriban kanuni hii:

P = C × V² × f

ambapo C ni kapasitansi ya saketi, V ni volti, na f ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Ili kuongeza f, kwa kawaida hapana budi kuongeza V pia. Tuseme vyote viwili vimeongezwa kwa asilimia 10. Nguvu itazidishwa kwa 1.1 × 1.1 × 1.1, yaani 1.331. Kasi ya asilimia 10 imenunuliwa kwa joto la asilimia 33! Ndipo watengenezaji walipogeukia njia nyingine: badala ya kiini kimoja kinachopiga haraka zaidi, waliweka viini viwili, vinne, kisha vingi zaidi ndani ya kipande kimoja.

Lakini viini vingi havifai kitu ikiwa kazi haigawanyiki. Wanawake tisa hawawezi kuzaa mtoto kwa mwezi mmoja. Hoja hii ilielezwa kwa upande wa kompyuta na Gene Amdahl mwaka 1967, nayo huandikwa leo hivi. Ikiwa sehemu p ya kazi yaweza kugawanywa, na viini ni n, kazi itaharakishwa mara:

1 ÷ [(1 − p) + p ÷ n]

Tujaribu kanuni hii kwa kazi za vijana wetu. Uchoraji wa ramani kwa sehemu kubwa haugawanyiki, kwa sababu badiliko moja hutegemea lililotangulia: ukisogeza ukuta, mlango uliomo husogea, kisha kipimo cha chumba hubadilika. Tuseme p = 0.2. Kwa viini 16 tunapata 1 ÷ (0.8 + 0.0125), yaani mara 1.23 tu. Sasa tuchukue usawiri, ile kazi ambayo wachoraji huiita kurenda, yaani kukokotoa jinsi mwanga unavyotua juu ya kila ukuta, kioo na sakafu. Hapa kila nukta ya picha yaweza kukokotolewa bila kuingojea jirani yake. Tuseme p = 0.98. Tunapata 1 ÷ (0.02 + 0.06125), yaani mara 12.3. Prosesa ni ile ile na fedha ni ile ile, lakini manufaa katika kazi moja ni mara kumi ya manufaa katika nyingine.

Kwa viini 8 usawiri ungeharakishwa mara 7 hivi. Picha ambayo kiini kimoja kingeichukulia dakika 420 ingekamilika kwa dakika 60, ambapo viini 16 vingeikamilisha kwa dakika 34. Je, dakika 26 hizo zina thamani gani? Inategemea ni dakika za nani. Anayechora ramani yuko kitini, na kila sekunde anayoingojea mashine ni sekunde ya maisha yake. Anayesawiri huianzisha kazi jioni, akaenda kulala. Nafikiri kosa kubwa la wauzaji ni kuzihesabu saa za mtu na saa za mashine kwa bei moja. Niliwashauri vijana wachukue prosesa ya viini 8 yenye kiini kimoja chepesi, na tofauti ya bei waipeleke kwingine.

Hapa tahadhari moja inahitajika. Mapigo ya prosesa za vizazi tofauti hayalinganishwi moja kwa moja, kwa maana kazi inayofanyika katika pigo moja imeongezeka sana. Prosesa ya leo ya gigahezi 3.5 huiacha mbali sana ile Pentium 4 ya gigahezi 3.8. Kasi ya mapigo ilinganishwe tu ndani ya kizazi kimoja.

Kumbukumbu ya kazi

Ramu ni meza ya kazi, na diski ni kabati. Karatasi zikizidi meza, mchoraji atalazimika kuinuka kila mara kwenda kabatini. Ni kubwa kiasi gani basi meza inayohitajika?

Tuchukue bango la ukubwa wa A1, lenye milimita 594 kwa 841, litakalochapishwa kwa nukta 300 katika kila inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Upana utakuwa 594 ÷ 25.4 × 300, takriban nukta 7,016. Urefu kwa njia hiyo hiyo ni nukta 9,933. Jumla ya nukta ni karibu milioni 69.7. Wachapaji hutumia wino wa rangi nne, na tukiipa kila rangi baiti 1, tabaka moja la picha litachukua megabaiti 279. Linganisha na megabaiti 1.6 za ramani ya nyumba nzima! Mpangaji mabango aghalabu huwa na matabaka mengi: picha ya nyuma, kivuli, sura ya mtu, maandishi. Matabaka 20 yaliyojaa yatahitaji gigabaiti 5.6, na programu hutunza vilevile nakala za hatua zilizopita ili mtu aweze kurudi nyuma. Kipande kile cha gigabaiti 8, ambacho sehemu yake imekwisha kuchukuliwa na mfumo endeshi, kingejaa kabla ya saa nne asubuhi.

Meza ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia data diskini. Ramu ya aina ya DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwa njia moja, na 51.2 kwa njia mbili. Hadidiski ya kuzunguka husoma kiasi cha megabaiti 150 kwa sekunde. Uwiano ni zaidi ya 340 kwa 1. Ndiyo maana mashine inayokosa ramu haipungui kasi polepole, huporomoka.

Msomaji ameona maneno "njia mbili". Madabodi nyingi za mezani zina njia mbili za kufikia ramu, na njia ya pili hubaki tupu ikiwa kipande ni kimoja. Kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 16 ni bora kuliko kimoja cha gigabaiti 32, ingawa ujazo ni sawa. Kwa kazi ya usanifu ninaona gigabaiti 16 kuwa ndicho kiwango cha chini, na 32 kuwa kiwango cha kutulia. Ramu ya DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5 wala kinyume chake. Mifereji yake imewekwa mahali tofauti kwa makusudi, na anayeisukuma kwa nguvu ataivunja.

Diski

Hadidiski ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.33. Data inayotafutwa yaweza kuwa popote juu ya sahani, hivyo kwa wastani kichwa cha kusomea hungoja nusu mzunguko, milisekunde 4.17. Tukiongeza kiasi cha milisekunde 9 za mkono kusogea, kila utafutaji huchukua milisekunde 13. Programu inayofungua faili ndogo 3,000 wakati wa kuanza itatumia sekunde 39 kwa kutafuta peke yake. Diski ya chipu, ambayo mafundi huiita SSD, haina kinachozunguka. Utafutaji wake ni kiasi cha milisekunde 0.1, na faili zile zile zitapatikana kwa sekunde 0.3.

Hakuna badiliko jingine katika mashine nzima litakalohisiwa na mtumiaji kwa bei ndogo namna hii. Hata hivyo, ukisha kuwa na SSD, usihangaike sana na aina yake. Zile zinazoungwa kwa waya wa SATA hufika megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na zile za NVMe hupita elfu kadhaa, lakini mchora ramani ataona tofauti ndogo tu, kwa sababu faili zake ni ndogo. Mpangaji mabango ataona zaidi. Hadidiski ya kuzunguka bado ina mahali pake: kutunzia nakala za akiba. Faili iliyo mahali pamoja tu ihesabiwe kuwa imekopwa.

Kadi ya grafiki

Monita ya nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta 2,073,600. Picha ikibadilishwa mara 60 kwa sekunde, nukta zaidi ya milioni 124 zitahitaji kukokotolewa kila sekunde. Kadi ya grafiki ni kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya kazi hiyo: ina vikokotozi vidogo mamia au maelfu, kila kimoja kikiwa dhaifu kikiwa peke yake. Kwa lugha ya Amdahl, kadi hii hufaa pale tu p inapokaribia 1.

Anayechora ramani za bapa hahitaji kadi ya kununua. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa nyingi yatosha. Anayejenga maumbo ya pande tatu huhitaji kadi ya wastani. Anayesawiri kwa kutumia kadi ndiye anayepaswa kufikiri sana, na jambo la kwanza la kutazama si kasi, bali kumbukumbu iliyomo ndani ya kadi yenyewe. Picha ya uso wa ukuta, ya nukta 4,096 kwa 4,096 yenye baiti 4 kwa kila nukta, huchukua megabaiti 64 ikiwa haikubanwa. Jengo lenye picha 100 za namna hiyo, za vigae, mbao, majani na vitambaa, litahitaji gigabaiti 6 na robo kabla umbo la jengo halijawekwa. Kadi ya gigabaiti 8 imekaribia kujaa. Kazi isipoenea katika kadi, baadhi ya programu hukataa kuendelea, na nyingine huazima ramu ya kompyuta na kuwa nzito.

Ziko pia kadi zinazouzwa kwa jina la "kadi za wataalamu", kwa bei kubwa. Chipu zake mara nyingi ni ndugu wa zile za michezo. Kinachozidi ni kumbukumbu kubwa, uhakikisho wa watengenezaji wa baadhi ya programu, na katika nyingine urekebishaji wa makosa ya kumbukumbu. Kampuni inayosanifu madaraja ina sababu ya kuzilipia. Vijana watatu wenye mkopo wa vikoba hawana.

Joto letu na vumbi letu

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, maabara yetu ilikaa katika nyuzi 21 mwaka mzima, na maelezo mengi ya kuunganisha kompyuta yameandikwa na watu wa vyumba vya namna hiyo. Hayaongopi, ila hayakuandikiwa Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Kipoza joto cha prosesa hupimwa kwa ukinzani wa joto, yaani nyuzi ngapi za Sentigredi huongezeka kwa kila wati. Kanuni yake ni nduguye kanuni ya Ohm: tofauti ya halijoto ni nguvu mara ukinzani. Tuseme prosesa inatoa wati 105 na ukinzani wa kipoza ni 0.4. Prosesa itakuwa na joto la nyuzi 42 juu ya hewa iliyomo ndani ya sanduku. Katika chumba cha nyuzi 24, hewa ndani ya sanduku ikiwa nyuzi 30, prosesa itafika 72. Katika chumba cha nyuzi 33, hewa ya sanduku ikiwa 39, itafika 81. Bado ni salama. Sasa vumbi la miezi sita lizibe mapezi ya kipoza, na ukinzani upande hadi 0.55. Ongezeko ni nyuzi 57.75, na jumla ni karibu 97. Prosesa nyingi za leo zina kikomo kati ya nyuzi 95 na 100, na zikikifikia hujipunguzia mapigo zenyewe. Mashine haitazimika wala kulalamika. Itakuwa nzito tu, na mwenyewe atadhani imezeeka.

Kwa hiyo chagua sanduku lenye uso wa wavu na chujio linalotoka kwa urahisi, na si lile la kioo mbele linalong'aa taa. Weka feni inayovuta hewa baridi mbele na inayoitoa nyuma. Safisha chujio kila mwezi. Na msomaji akumbuke kanuni ya P = CV²f, maana inafanya kazi pande zote mbili: ukiipunguza volti na mapigo kwa asilimia 10, nguvu itakuwa 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.729. Kwa kupoteza kasi ya asilimia 10 umepunguza joto kwa asilimia 27. Madabodi nyingi huruhusu mpangilio huo bila gharama yoyote, nami huutumia ofisini kwangu.

Umeme

Sehemu iliyodharauliwa kuliko zote katika orodha ya vijana ilikuwa pawasaplai, nayo ndiyo pekee inayogusana na kila sehemu nyingine. Ikiharibika vibaya, haifi peke yake.

Tujumlishe: prosesa wati 110, kadi ya grafiki 170, zilizobaki 60, jumla 340. Pawasaplai ya wati 500 hadi 550 yatosha kwa nafasi ya kupumua. Lakini namba kubwa iliyo ubavuni isiaminiwe bila kusoma jedwali dogo chini yake. Prosesa na kadi hula kutoka mstari wa volti 12. Nimeona pawasaplai iliyoandikwa wati 500, huku jedwali lake likionyesha ampea 20 tu kwenye volti 12. Wati ni volti mara ampea: 12 × 20 = 240. Namba kubwa ilikuwa ya mapambo.

Betri ya akiba, ile inayoitwa UPS, nayo ina mtego wake. Huuzwa kwa voltiampea, si kwa wati. Yenye 650 VA na kipengele cha nguvu cha 0.6 hutoa wati 390. Mashine yetu inahitaji 340 ndani, na kama pawasaplai ina ufanisi wa asilimia 90, itavuta 340 ÷ 0.9, yaani 378. Tukiongeza monita ya wati 30 tunapata 408. Umeme ukikatika katikati ya usawiri, UPS itazidiwa na kuzima palepale, ilhali mwenyewe alidhani amekingwa. Yafaa kununua ya 1,000 VA.

Monita na mashine zilizotumika

Kuhusu monita nitasema machache. Upana wa kioo si ubora. Kioo cha inchi 27 chenye nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta 82 hivi kwa inchi, wakati kile cha inchi 24 chenye idadi hiyo hiyo kina 92, na mistari myembamba itaonekana safi zaidi katika hicho kidogo. Anayepanga rangi atafute kioo cha aina ya IPS kinachofikisha karibu eneo lote la rangi la sRGB. Kioo cha aina ya TN hubadilika rangi mtu akiinua kichwa, na kadi ya harusi ya rangi ya zambarau itatoka kiwandani ikiwa buluu. Bibi harusi hatasikiliza maelezo ya fizikia.

Wengi watauliza juu ya mashine zilizotumika. Nyingi ni nzuri, na kwa kuchora ramani peke yake huenda zikawa ndio uamuzi wa busara. Zitazamwe mambo matatu. Mashine kubwa za zamani zenye viini vingi aghalabu zina mapigo ya chini, na kanuni ya Amdahl imekwisha kutueleza maana yake. Pili, kampuni nyingi kubwa hutumia pawasaplai na madabodi za umbo lao wenyewe, hivyo sehemu ya dukani haitaingia. Tatu, Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Mashine ya zamani zaidi itumie Linux, ambayo huendesha Blender na Inkscape bila tatizo.

Vijana wetu walibadili orodha: viini 8, ramu ya gigabaiti 32 kwa vipande viwili, SSD moja na hadidiski ndogo ya akiba, kadi ya wastani, pawasaplai ya heshima, UPS ya 1,000 VA na monita ya IPS ya inchi 24. Gharama haikuzidi ile ya kwanza.

Mazoezi kwa wanafunzi

Mwalimu aweza kuyagawa maswali haya kwa makundi, na ikiwa shule ina kompyuta iliyoharibika, ifunguliwe ikiwa imechomolewa kwenye umeme, wanafunzi wasome lebo zake wenyewe. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe, kwa maana kapasita zake hubaki na chaji.

1. Kazi fulani yaweza kugawanywa kwa asilimia 50. Itaharakishwa mara ngapi kwa viini 4? Kwa viini 64? Onyesha kwa nini haiwezi kamwe kuharakishwa mara 2 kamili, hata viini viwe vingi namna gani.

2. Tafuta ukubwa, kwa megabaiti, wa tabaka moja la kadi ya harusi ya A5 (milimita 148 kwa 210) kwa nukta 300 kwa inchi na rangi nne. Je, kijana anayetengeneza kadi peke yake ana haja ya gigabaiti 32 za ramu?

3. Prosesa ya wati 65 ina kipoza chenye ukinzani wa 0.5. Hewa ndani ya sanduku ni nyuzi 40. Tafuta halijoto ya prosesa. Ukinzani ukipanda kwa sababu ya vumbi, utafika kiasi gani prosesa ikiwa imegonga nyuzi 95?

4. Soma lebo ya pawasaplai ya kompyuta mojawapo ya shule yenu. Zidisha ampea za mstari wa volti 12 kwa 12, kisha linganisha na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni.